Matone ya Kabla ya Somo la Kwanza

Okoth mwanangu,

Nisamehe, jibu limechelewa. Uliniandikia mwaka jana, ile wiki niliyowafundisha barua, wewe na Omondi na Baraka, kila mmoja aniandikie kana kwamba niko safarini, na mimi nimjibu. Omondi nilimjibu siku ile ile. Baraka, ambaye barua yake ilikuwa picha ya samaki mwenye miguu, nilimjibu pia. Yako niliipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona nikaandika RUDIA, kwa sababu maneno yalikuwa yamepandana, mstari juu ya mstari, kama umeandika ukiwa umebebwa kwa pikipiki. Nilidhani ni dharau. Hukurudia, na mimi sikujibu. Leo ndio najibu, na kesho unaondoka.

Naandika nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, kwa kalamu nene nyeusi, herufi kubwa kama za bango la baraza. Karatasi zitatosha kwa sababu miezi ni kumi na miwili. Nataka uisome mwenyewe. Mkifika kwake Homa Bay, Mama Mkubwa Achieng' atataka kukusomea. Dada yangu ana moyo mzuri lakini ana haraka, mwambie asubiri. Soma ukurasa mmoja, pumzisha jicho, soma mwingine. Usiiweke mpaka baada ya upasuaji. Imalize kabla ya Alhamisi. Sitaeleza ni kwa nini, na wewe hutauliza, kwa sababu tulikaa pamoja kwenye ile benchi ya hospitali kule Karungu na sote wawili tulisikia.

Mambo ya nguo, na sabuni, na dawa ipi baada ya ipi, nimemwandikia Baba yako, anayekupeleka, karatasi yake. Hapa sitakuambia uoge. Utaoga. Mama Mkubwa hana mchezo na hilo.

Mimi ndiye ningekupeleka. Unajua. Lakini mshono wa kumzaa dada yako haujakauka, na muuguzi amesema nikipanda gari kutoka hapa Muhuru Bay hadi Homa Bay wiki hii nitarudi nimebebwa. Kwa hiyo naandika. Ni saa tisa mchana, mtoto amelala kwenye mapaja yangu, na nyinyi watatu mko nje mnageuza vidagaa vya omena kwenye nyavu. Nakusikia unamwambia Baraka asikanyage. Sauti yako leo ni ya mtu mzima, na sijaipenda.

Nianze na kile ambacho hujawahi kuambiwa, sababu ya wewe kutoka shule.

Ulikuwa gredi ya pili. Mwalimu wako aliniita, yule mwanamke mpole aliyekuwa na chaki kwenye nywele kila siku. Tulisimama nje ya darasa. Aliniambia, "Mama Okoth, huyu mtoto haangalii ubao. Anaangalia mdomo wangu tu." Hayo ndiyo maneno yake yote. Nimeyarudia kichwani wiki hii mpaka yamekuwa kama jino linalouma. Alikuwa ananipa habari. Mimi nilisikia tusi. Nilisikia kwamba mtoto wangu ni mvivu na hana adabu, na kwamba mimi niliyemzaa nikiwa bado na sare ya shule nimeshindwa kumlea. Nilimjibu vibaya. Nilimwambia kama kazi ya kufundisha imemshinda, kuna wanaoiweza. Nikakushika mkono, nikaingia darasa la watoto wadogo nikamtoa Omondi naye, tukaenda nyumbani. Baraka wakati huo alikuwa bado anavaa shati bila suruali, yeye hakuwa na shule ya kutolewa.

Baba yako aliporudi kutoka ziwani aliuliza mara moja tu, "Umefikiria?" Nikasema nimefikiria. Sikuwa nimefikiria. Nilikuwa nimekasirika, na hasira ikikaa sana ndani ya mtu huanza kuonekana kama mpango.

Hivyo ndivyo ilivyofunguliwa shule ya nyuma ya jiko. Mabati matatu juu, benchi moja, na ule mlango wa zamani wa kabati niliopaka rangi nyeusi ukawa ubao. Wanawake tunaoanika nao omena walinicheka. Walisema Nyar Karungu, yaani mimi binti wa kutoka Karungu, amefungua yunivasiti. Nilicheka nao, na moyoni nikaapa watanyamaza.

Na kwa kweli, mwanangu, tulicheka sana kule nyuma. Sitaki usahau hilo kwa sababu ya haya mengine. Omondi ndiye aliyekuwa mwalimu mkuu wa kengele, anagonga kifuniko cha sufuria mpaka kuku wote wanahama. Unakumbuka siku nilipomwekea Baraka njugu tano mezani nikamwambia toa mbili, akazitia mdomoni, nikamuuliza zimebaki ngapi? Akasema zimebaki tano, tatu ziko mezani na mbili ziko kwake. Nilikosa mahali pa kuweka alama ya kosa. Siku nyingine aliuliza kama safina ya Nuhu ilikuwa na injini ya kufunga nyuma, na Omondi akamjibu kwa uzito kabisa kwamba ilikuwa nayo lakini mafuta yaliisha, ndiyo maana walikaa majini siku zote zile. Mbuzi wa jirani alikula insha mbili. Kila tulipofika hesabu, tumbo la Omondi liliuma. Na ile wiki mliyogoma mkanipa masharti, la kwanza likiwa mwalimu asikae na mwiko wakati wa kusoma. Nilienda kuchekea jikoni nikarudi na mwiko.

Wewe ndiye uliyekuwa fahari yangu. Nikisoma kitabu mara moja, wewe unakisema chote, neno kwa neno, kitabu kiko wazi mkononi mwako na kichwa umekiinamisha kidogo upande. Hukusoma kwa kidole kama Omondi. Niliwaambia wanawake, wa kwangu hasomi kwa kidole.

Sasa nifike kwenye matone.

Ulianza kujikuna macho mwaka huo huo. Vumbi, magamba ya omena, moshi. Yalikuwa mekundu, ute unavutika kama uzi. Nilikupeleka kwenye duka la dawa pale senta. Yule mzee mwenye duka alikuangalia vizuri akanipa chupa ndogo yenye kifuniko cheupe. Sitamlaumu, nataka ujue hilo. Alisema, "Mama, wiki moja. Zisizidi mbili. Yakirudi, usirudi kwangu, mpeleke kwa daktari wa macho." Alisema hivyo nikiwa nimesimama kwa miguu yangu miwili na masikio yangu yote mazima.

Yalipona kwa siku tatu. Macho yakawa meupe kama yai. Baada ya mwezi yakaanza tena kuwasha. Mzee hakuwepo dukani, kulikuwa na msichana wake, nikamwonyesha chupa tupu akanipa nyingine. Baada ya hapo nilikuwa namtuma Omondi na chupa tupu. Msichana anaangalia chupa, anatoa nyingine. Hivyo, miaka mitatu.

Nikaifanya sehemu ya shule. Unajua jinsi mama yenu anavyopenda utaratibu. Kengele ya Omondi, mnanawa mikono, unaketi, unainua uso, tone moja kulia, tone moja kushoto, halafu ndipo somo la kwanza. Niliona raha, Okoth. Nilikuwa mama, nilikuwa mwalimu, na sasa nilikuwa daktari pia, yote hayo kabla chai haijapoa. Kuna asubuhi ulisema hayawashi leo. Nilikuambia hayawashi kwa sababu ninakutilia. Ukainua uso.

Wanawake walioyaona macho yako meupe waliniuliza siri. Niliwaonyesha chupa.

Unamkumbuka msaidizi wa chifu alipokuja kuuliza mbona watoto wangu hawako shuleni. Nilimpa kiti, nikampa chai, nikasema nitakuonyesha wanachojua. Nilitafuta kitu haraka, nikakupa kipande cha gazeti kilichofungia mandazi. Ulikishika kwa mikono miwili ukaanza kusoma bila kusita, habari ya wanyama wa ziwani, kiboko na mamba na fisimaji. Msaidizi wa chifu alikunja shingo kuangalia, akacheka mpaka akamwaga chai. Akaniambia, "Mama, huyu wako anasoma hata gazeti likiwa limesimama kwa kichwa."

Gazeti lilikuwa juu chini. Na hiyo habari ya viboko ilikuwa somo letu la siku iliyotangulia.

Nilicheka. Nilidhani unaifanyia serikali mzaha. Msaidizi wa chifu alinipa mkono akaenda zake, akasema nyumba hii haina shida. Mimi nilitembea na hicho kichekesho mwezi mzima kule kwenye nyavu. Kila nilipokisimulia niliongeza kidogo. Wewe ulikuwa unanisikia, na ulikuwa unacheka na wengine.

Baada ya hapo zilikuja ishara moja moja, na nilikuwa na jibu kwa kila moja. Ulikanyaga omena zilizoanikwa, nikakupiga kwa ajili ya kutokuwa makini. Ulimwaga uji, nikasema mikono yako ni mikubwa kuliko akili. Uliacha kucheza mpira na wenzako pale ufukweni, nikafurahi, nikasema sasa amekuwa msomi. Ulianza kutembea ukiwa umemshika Omondi bega, na mimi niliwaonyesha majirani, tazameni ndugu wanavyopendana.

Mtu aliyenifungua macho ni kijana wa boda boda, na hata jina lake sikuuliza. Unaijua siku hiyo, lakini hujui alichoniambia. Ulivuka njia, yeye anakuja kutoka upande wako wa kulia, akakukwepa akaenda kuanguka katikati ya omena za Mama Risper. Wanawake walimzunguka wakamtukana mpaka ukoo. Yeye alijikung'uta magamba, akaja moja kwa moja kwangu, hana hasira, ni kama anaogopa. Akasema, "Mama, huyu mtoto alinisikia. Aligeuza kichwa kabisa akaniangalia. Lakini hakuniona."

Nilikuketisha nyuma ya jiko juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nikafunika jicho lako la kushoto kwa kiganja, nikakuambia nitainua vidole useme ni vingapi. Niliinua viwili. Nilivisogeza karibu. Halafu ukasema kwa upole, kama unayenisaidia, "Mama, ulisema utainua vidole. Inua basi."

Omondi alikuwa mlangoni. Alianza kulia kabla yangu. Ndipo aliposema kwamba amekuwa akikusomea. Kila jioni anakusomea somo la kesho mara mbili mkiwa mnafunga kuku, na darasani anakaa nyuma yako, na nikikuita ubaoni anakohoa mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana. Na mimi kile kikohozi nilikuwa nakitibu kwa tangawizi.

Kule Karungu nilitaka daktari anipigie kelele. Angenipigia kelele ningekuwa na cha kujibu. Alizungumza polepole. Alishika chupa yetu, akaizungusha, akaiweka mezani mbali kidogo na mkono wake. Alisema mwanzoni kabisa shida yako ilikuwa ndogo, mzio wa vumbi na macho yasiyoona mbali. Miwani, Okoth. Ulihitaji miwani na kunawa maji safi. Hii dawa ikitumika siku chache inatuliza, ikitumika miaka inapandisha presha ndani ya jicho, na presha inaua mshipa wa kuonea taratibu, kuanzia pembeni kuja katikati, bila maumivu. Jicho la kulia limekwenda. La kushoto unaona kama unachungulia kwa bomba. Upasuaji haurudishi kilichopotea. Unajaribu kuzuia kilichobaki kisiende, na wakati mwingine hauzuii.

Halafu akakugeukia wewe, akakuuliza ni tangu lini huoni upande wa kulia. Ulisema tangu Baraka alipoanza kujifunza a, e, i, o, u. Akauliza, mbona hukumwambia mama?

Ulisema, "Alikuwa anafurahi."

Daktari aliandika kitu kwenye karatasi. Sijui kama kulikuwa na kitu cha kuandika.

Sasa nataka nikuambie mahali ulipojifunza hivyo, kwa sababu hukujifunza kwenye kitabu chochote.

Nilikuwa kidato cha nne, pale Karungu, wewe uko tumboni. Nilikuficha miezi minane. Nilivaa sweta kwenye jua. Nilikuwa napata alama nzuri, na mtoto anayepata alama nzuri hakuna anayemwangalia chini ya shingo. Mwalimu mmoja aliniuliza, unakula vizuri? Nikasema ndiyo mwalimu. Mama yangu aliuliza mbona umenenepa usoni, nikasema ni chakula cha shule. Alikuwa anafurahi, na yeye. Alikuwa ameshawaambia watu nitakuwa nesi. Nilifanya karatasi ya mwisho, na wiki mbili baadaye ukaja, mvua inanyesha ile ya kuvunja miti, na sikuwa nimeenda kliniki hata mara moja. Nilitokwa na damu mpaka sauti za watu zikawa mbali. Nesi aliyenishika alisema angejua mapema kusingekuwa na hatari yoyote. Ningesema tu. Wewe na mimi tungekufa siku moja kwa sababu ya unyamavu wangu, hata jina hujapewa.

Ningetoka na funzo hapo. Sikutoka na funzo. Nilitoka na mtoto mzuri, nikasema mbona mambo yalienda sawa. Nimeishi hivyo miaka kumi na moja, nikifunika kitu kwa kitu kizuri zaidi. Na wewe ulikuwa unaniangalia, ulipokuwa bado unaona vizuri.

Kwa hiyo sina mashauri mengi. Nina moja tu, nalo limenigharimu, na wewe limekugharimu zaidi. Jifunze kusema "sioni". Liseme mapema, kabla hujaulizwa, na usicheke baada yake. Huko shuleni utakakopelekwa baada ya kupona, kuna darasa la watoto wasioona vizuri. Walimu wa huko wamezoea, lakini hata wao huchoka, na mwalimu aliyechoka hupenda mtoto anayesema ndiyo. Usimpe ndiyo hiyo. Mtu akiwa na furaha na wewe, hata akiwa Mama Mkubwa, hata akiwa mimi, bado mwambie. Furaha yake itapona.

Watataka kukufundisha kusoma kwa vidole, yale maandishi ya vinundu. Najua utasema mimi bado naona kidogo. Wuoda, mwanangu wa kwanza, jifunze. Anza hata kabla jicho halijakulazimisha. Mimi ndiye niliyewacheka wanaosoma kwa kidole. Kumbuka kwamba niliyesema vile ni mimi yule yule niliyekuwa nakutilia matone.

Na itakuja siku utanikasirikia. Sasa hivi hujakasirika, una huruma na mimi, naiona, na inaniuma kuliko hasira. Lakini utakuwa na miaka kumi na nne, kumi na tano, wenzako watakuwa wanakimbia, na itakuja yote siku moja. Usinikingie. Usiifungie ndani ukaniambia mambo ni mazuri. Nipigie simu ukasirike, mimi nikisikia. Mimi bado ni mama yako, kwa hiyo matusi sitaki, lakini mengine yote sema.

Omondi usimwonee huruma sana. Atakuwa sawa, nitamlazimisha. Jumatatu namrudisha shule, na Baraka naye anaanza. Nimeshaenda kwa yule mwalimu. Nilibeba mtoto mgongoni nikaenda polepole, nikamkuta amesimama mahali pale pale, nikamwambia alikuwa amesema kweli. Hakuniuliza nilikuwa wapi miaka mitatu. Aliuliza, "Okoth anaendeleaje?"

Nimeenda pia kwa wale niliowaonyesha chupa. Nyumba tatu. Wawili walisikia. Wa tatu, Mama Risper, aliniambia kwamba sasa nataka kumtisha kwa sababu ya omena zake zilizomwagwa na boda, na kwamba macho ya binti yake ni meupe kama maziwa, niyaone mwenyewe. Niliyaona. Yalikuwa meupe.

Kuna jambo moja nililotaka kukuficha, na nimekaa na kalamu hewani muda mrefu. Halafu nimejiona ninachofanya.

Asubuhi ya leo Baraka alikuwa anajikuna kwa nyuma ya mkono, ile namna yako. Akasema, "Inawasha, Mama. Nitilie ile ya Okoth." Nilikuwa namtilia tangu mvua zilizopita, Okoth. Si kila siku. Alikuwa anapenda kukaa kwenye foleni nyuma yako, akiinua uso na kupanua mdomo, na mimi niliona ni kichekesho, nikampa tone lake. Nilikuwa sijahesabu kwamba ile pia ni dawa.

Nilimketisha kwenye ndoo. Nikafunika jicho moja, nikafunika jingine. Alipata vidole vyote sawa, mara tatu. Mara ya nne nikanyoosha vitatu akasema vinne, akacheka. Sijui kama ni mzaha. Ni Baraka, yawezekana ni mzaha. Niligeuka haraka kuona kama Omondi anamfanyia ishara. Omondi alikuwa amesimama karibu na ubao, amefumba macho yake mwenyewe kwa nguvu, anapapasa ukuta anatafuta mlango.

Sijamwambia Baba yako bado. Nitamwambia kabla hujamaliza kufunga begi. Kwa hiyo haya ndiyo mtakayonitumia kutoka Homa Bay, na yeye asirudi bila hayo.

Jina la hii dawa, liandikwe na daktari kwa herufi kubwa, na mhuri wa hospitali chini, karatasi mbili: moja ya duka la dawa, moja nitakayoipeleka kwa Mama Risper hata akinifungia mlango.

Dawa ya kuwashwa ambayo haina madhara haya, chupa moja, na daktari aandike juu yake siku ya kuacha.

Siku ya kumpokea Baraka. Iliyo karibu kabisa. Wakisema miezi miwili, Baba yako akae pale pale mlangoni mpaka waseme nyingine.

Jibu la swali hili, na wewe ndiye umuulize daktari kwa sababu wewe huwa unasikia vizuri: mtoto wa miaka sita aliyetiliwa tone moja moja, pengine mara tatu kwa wiki, kuanzia mvua zilizopita mpaka wiki jana, je, presha yake inaweza kuwa imeanza kupanda?

Ile karatasi yao ya ukutani yenye herufi za kupimia macho, kama wana ya zamani, hata iliyochanika.

Na Ijumaa, kitambaa kikitolewa, simu. Baba yako asizungumze kwanza, ushike wewe. Usiniambie unaendelea vizuri. Niambie rangi ya ukuta, na ni nani amesimama mbele yako, na ameinua vidole vingapi. Kama ni giza, sema giza. Nitakuwa nimeketi.